Kilomita 405 na Mama Mkwe

Sikatai, gari la umeme la patroni wangu ni zuri. Halipigi kelele, halitoi moshi, na viti vyake ni laini kuliko godoro langu. Ila linadanganya, tena kwa herufi kubwa za rangi.

Jumamosi nikapewa ruhusa nikamchukue mama mkwe Likasi. Toka Lubumbashi ni kilomita 120 hivi, kwenda na kurudi 240. Kioo cha dashibodi kinasema chaji iliyopo ni ya kilomita 405. Hesabu nilisoma mie: zitabaki 165, hata za kuzunguka mtaani watu wanione.

Nafika Likasi, kioo kinasema 190. Nimetembea 120, gari limekula 215! Zile 95 nyingine katembea nani?

Mtoto wa patroni anasoma uhandisi, alinieleza baadaye. Ile 405 ni ya kipimo cha Kichina cha umbali wa chaji moja, CLTC, ambacho mwendo wake wa wastani haufiki kilomita 30 kwa saa. Thelathini! Huo ni mwendo wa kusindikiza maiti. Wazungu wana chao, WLTP, wastani wake 46 na kitu, ndiyo maana gari lilelile kule huandikiwa namba ndogo. Mimi nilikuwa nakimbia 110 na kiyoyozi juu, maana vumbi la kiangazi mnalijua. Na upepo, anasema, ukizidisha mwendo mara mbili wenyewe unakukaza mara nne. Si angeniambia Ijumaa?

Nikaomba kuchomeka waya kwa mama mkwe. Akacheka kwa upole: "Baba, umeme hapa ni mgeni, haulali."

Haya, 190 si inazidi 120? Twende. Hapo ndipo alipotoa magunia mawili ya makala, yaani mkaa, ya zawadi. Mwambie wewe mama mkwe kwamba makala yake ni mazito.

Njiani namba ikaanza kushuka kama mshahara baada ya tarehe 5. Nikazima kiyoyozi, nikafungua madirisha. Kilemba cheupe cha mama kikawa rangi ya tofali, naye kimya. Kimya cha mama mkwe kina uzito kuliko makala. Imebaki kama kilomita 20 kufika, kikawaka kialama kidogo cha kobe. Naapa, kobe! Gari likaanza kutambaa. Baiskeli yenye magunia matatu ikatupita, mwenyewe akatupungia mkono.

Mwisho likazima kabisa. Tukakaa ukingoni, malori yanapita moja baada ya jingine kuelekea mpakani Kasumbalesa, yamebeba kobalti ya Kolwezi ya kwenda kutengeneza betri za watu. Kongo yetu hii ndiyo inayochimba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima, na mimi nimekwama betri imekufa! Tena yule mtoto akanimalizia: betri ya gari letu ni ya chuma na fosfeti, kobalti haimo hata chembe. Kwa hiyo hata undugu nayo hatuna.

Akaja mbio kijana muuza mafuta na bidoni lake: "Papa, lita ngapi?"

"Hii hainywi mafuta, mdogo wangu."

Akazunguka nyuma, akatafuta bomba la moshi, hakuliona. Akachungulia ndani, akaona magunia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

"Kumbe inakula makala."

Mama mkwe ndipo akacheka, mara ya kwanza tangu Likasi.