Kabla hujasema wavuvi wetu wamemaliza samaki

Jumamosi iliyopita tulifika ziwani kunapambazuka, mimi na jamaa yangu wa Homa Bay, tukakuta maji yananuka yai viza. Juu yametanda majani yaliyooza na mwani mweusi uliotoka chini, na povu la rangi ya chai ya maziwa limejikusanya pembeni ya gati. Mzee mmoja wa hapa, Mzungu wa miaka sabini na ushee, alikuwa anapandisha mashua yake kwenye trela wakati sisi ndiyo kwanza tunashusha ya kwetu. Akatuambia ziwa limegeuka wiki hii, tusimalize chambo bure, twende mtoni. Hatukumsikiliza. Tumeendesha saa mbili, tumenunua visamaki hai kwa hela yetu, halafu turudi? Hadi saa tano tulikuwa na samaki mmoja wa urefu wa kiganja, tukamrudisha, na vidole vyangu vilikuwa havishiki hata kifuniko cha chupa ya chai.

Ninaishi Minnesota, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa, ila nimezaliwa Kigoma, Kibirizi, hatua chache kutoka mwaloni. Majira haya kamusi zinataka tuyaite vuli. Vuli kwa Mtanzania ni mvua, na sisi wa Kigoma hata hiyo vuli hatuna: mvua yetu ni moja tu, inaanza Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Basi nitasema Oktoba, tuelewane.

Oktoba ndio mwezi mtamu kuliko yote kwa mwenye ndoano huku, na Waafrika wengi tunaukosa kwa sababu fimbo zetu tunazitia stoo siku ile ya kwanza unapovaa koti. Lakini ni utamu wenye masharti, na sharti kubwa ni kujua maji yako wapi katika safari yake. Maana ziwa la huku linasafiri lilipo hapohapo.

Fikiria mchuzi wenye mafuta mengi uliotulia mezani. Kiangazi chote ziwa liko hivyo: juu maji ya moto, mepesi; chini maji ya baridi, mazito; na hayo mawili hayachanganyiki. Kule chini hewa haifiki. Kila kinachokufa kinazama, kinaoza, na kuoza kwenyewe kunamaliza ile oksijeni kidogo iliyokuwepo, kwa hiyo samaki hakai. Septemba usiku unapoanza kuwa wa baridi, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka. Siku joto la juu na la chini likilingana, upepo mmoja wa maana unatosha kulikoroga ziwa zima kama mtu aliyetia mwiko mpaka kwenye sakafu ya sufuria. Ndiyo ile harufu. Ndiyo ule uchafu. Kwa wiki moja au mbili samaki wanatawanyika, na hata ukiwapata hawana hamu ya kula.

Baada ya hapo maji yanatakata, oksijeni inafika kila mahali, na samaki wanakula kama watu wanaojua kwamba dukani kesho kutafungwa. Barafu inakuja. Wakati huo ndipo wolai (walleye, ndivyo sisi tunavyomtamka huyu samaki wa jimbo, mwenye jicho linalowaka kwenye tochi kama la paka, ukimtazama haraka utasema mtoto wa sangara) anasogea usiku kwenye mawe ya ufukweni akiwafuata samaki wengine, sisko, wanaokuja kutaga. Unasimama umevaa suruali mbili, unarusha, unavuta polepole, na baridi unaisahau.

Ila usiulize "hali ya uvuvi ikoje Minnesota wiki hii" kama unavyouliza bei ya petroli. Jimbo lina maziwa zaidi ya elfu kumi na moja, na kila moja lina tarehe yake. Dogo linawahi kupoa, linageuka mapema. Lenye kina linachelewa. Ziwa Mille Lacs ni pana mno lakini kina chake hakizidi mita 13 hivi, upepo unalikoroga kiangazi chote, kwa hiyo kule hutaona kishindo cha kugeuka. Na mto haugeuki kabisa, maana mto haujawahi kutulia. Ndiyo maana yule mzee alitutuma mtoni: maziwa yakichafuka, watu wanateremka mto Mississippi, chini ya bwawa la karibu na Red Wing, ambako wolai wanapanda kinyume cha mkondo mpaka wanakwama kwenye ukuta. Tungemsikiliza tungekula samaki Jumamosi. Tulikula wali na maharage.

Sasa niseme kilichonifanya niandike.

Jioni ile jamaa yangu alirusha picha yangu nikimrudisha majini yule samaki wa kiganja. Ikazunguka mpaka ikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Kigoma tulio nje. Akajibu ndugu mmoja, naye yuko huku huku, kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Kifupi chake: oneni wenzetu wanavyojua kutunza ziwa, mtu anarudisha samaki kwa hiari yake, sisi kule tunavua mpaka mayai, halafu tunauliza dagaa wamekwenda wapi. Watu wakapiga makofi ya vidole.

Mimi sikupiga. Kwanza, nilimrudisha kwa sababu nyumbani nina friji limejaa kuku. Kumrudisha samaki ambaye humtegemei si ucha Mungu. Leseni yangu nimelipa kwa pesa ya kazi nyingine kabisa, na nikirudi mikono mitupu watoto wangu hawajui kama kulikuwa na tatizo. Baba yangu mdogo, anayevua dagaa Kibirizi, akirudi mikono mitupu anadaiwa mafuta ya injini, anadaiwa betri za taa, na vijana wake sita wa chomboni wanamtazama usoni.

Pili, hawa wenzetu nao walimaliza samaki. Ziwa la Upper Red, kaskazini mwa jimbo hili hili, lilivuliwa mpaka wolai wakaisha. Mwaka 1999 likafungwa kwa wolai kabisa, likapandikizwa vifaranga, na halikufunguliwa mpaka 2006. Miaka saba. Watu wa kabila la Red Lake, ambao sehemu kubwa ya maji yale ni yao, na serikali ya jimbo walikaa meza moja, na ziwa likarudi. Hiyo nasifu. Ila isisimuliwe kana kwamba walizaliwa wanajua.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma: Tanganyika haligeuki.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na duniani linalolipita kwa kina ni Baikal tu. Juu hakuna Oktoba ya kuyapoza maji. Yanabaki na joto mwaka mzima, yamekaa juu ya mengine mazito ambayo, kuanzia mita mia moja mpaka mia mbili na kitu kwenda chini, hayana oksijeni hata chembe. Rutuba yote inayozama kwa karne na karne iko kule chini, imefungiwa kama mahindi kwenye ghala ambalo funguo zake anazo mtu mmoja. Mtu huyo ni upepo wa kusi. Kuanzia Mei mpaka Septemba kusi linayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Zambia, maji ya chini yanapata nafasi ya kupanda na kubeba rutuba. Mwani unastawi, vidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vidudu, migebuka wanakula dagaa, sisi tunakula wote. Ziwa zima linaishi kwa ule mlango unaofunguliwa kidogo, msimu mmoja.

Na mlango unazidi kuwa mgumu. Maji ya juu yakiongezeka joto, yanakuwa mepesi zaidi, na upepo uleule hauna tena nguvu ya kuyachanganya na ya chini. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ziwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hiyo inaweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Hapo hujamtaja mvuvi hata mmoja. Joto hilo halikutoka kwenye injini ya mtumbwi wa baba mdogo. Sehemu yake imetoka kwenye gari kama hili letu, linalokunywa petroli saa mbili kwenda na mbili kurudi, likivuta mashua, ili watu wawili wakamrudishe samaki wa kiganja.

Sisemi wavuvi wetu ni malaika. Kokoro linalozoa vichanga ufukweni nimeliona kwa macho yangu, na wavu wenye matundu madogo kuliko chandarua nimeushika. Vyombo ni vingi kuliko zamani, hilo anakiri hata baba mdogo. Jamaa yangu wa Homa Bay naye ana yake: Novemba 2022 kule Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, maji yasiyo na oksijeni yalipanda juu na sato wa kwenye vizimba wakaelea kwa maelfu. Kile ambacho Minnesota ni usumbufu wa wiki mbili, kwao kiliua mtaji wa watu. Maji ni yaleyale, tofauti ni nani aliyekaa juu yake na amekopa kiasi gani.

Na ikumbukwe kwamba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Nilikuwa naunga mkono, na bado naunga mkono. Miezi mitatu hiyo nilikuwa natuma hela kidogo kila nilipoweza, na kila Jumapili napiga simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Tumefungwa, ila hatujambo."

Hakuingia ziwani. Alirekebisha nyavu, akazirekebisha tena, akalima bustani ya mchicha ambayo hakuwahi kuwa nayo. Halafu lilipofunguliwa nikampigia kwa furaha, nikitegemea kusikia kelele za mwaloni. Akacheka. "Wamefungua ziwa, mwezi haujafunguka." Nikafungua kalenda ya mwezi kwenye simu: mbalamwezi kamili tarehe 19 Agosti. Dagaa anafuata taa, na taa yako inamuita pale tu ambapo mbinguni hakuna iliyo kubwa zaidi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa wanatawanyika, wavuvi wanalala nyumbani. Kwa hiyo baada ya siku tisini na kitu za kungoja serikali, baba mdogo alikaa tena akingoja giza, na hakulalamika, maana giza amelingoja kila mwezi tangu akiwa kijana. Nani huku amewahi kungoja hivyo kwa ajili ya samaki?

Hayo niliyaandika kwenye kundi, marefu kuliko haya, na yule ndugu akanijibu kwa kidole gumba. Haya.

Jana nilimpigia baba mdogo kumsimulia ziwa lililogeuka na harufu yake. Hilo la kunuka alilielewa mara moja. Kusi likivuma sana, anasema, kuna siku naye anaisikia harufu ya chini. Kisha nikamwambia kwamba mwezi ujao, ziwa likishatakata, tunataka kwenda usiku, na tumechagua kwa makusudi usiku wa mwezi mpevu, kwa sababu wolai anaona vizuri kwenye mwanga hafifu, na wenyeji wanaamini hizo ndizo siku zake.

Kimya kidogo kwenye simu. Nikasikia anamwambia mama mdogo: "Anakwenda kuvua mbalamwezi." Mama mdogo akacheka kwa nguvu mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

"Mwanangu," akasema baba mdogo, "utavua nini? Kivuli chako?"