Mjamzito Mwenye Safura Hahitaji Kufokewa

Juzi nilimsindikiza wifi yangu kliniki, mimba ya miezi sita. Kipimo cha wingi wa damu kikasoma 8, na mjamzito anatakiwa asishuke chini ya 11. Muuguzi akamfokea mbele ya foleni nzima: "Hamtaki kula mboga za majani, damu itoke wapi?" Wifi anakula kisamvu na matembele karibu kila siku, kalima mwenyewe. Akainamisha uso, akanyamaza. Mimi hasira hazijanitoka mpaka leo.

Hakuna aliyemuuliza analima wapi na kwa viatu gani. Analima pekupeku, kwenye mchanga wa pwani wenye unyevunyevu, na pembeni mwa shamba watu wanajisaidia vichakani. Minyoo ya safura haisubiri mtu ale uchafu. Lava wake, yaani minyoo michanga, wanatoboa ngozi ya mguu, wanasafiri na damu mpaka kwenye mapafu, wanapanda kooni, wanamezwa, kisha wanakuwa minyoo kamili inayong'ata ukuta wa utumbo mwembamba. Hapo inakunywa damu usiku na mchana, na inaweza kuishi miaka. Mwanamke anashika mimba damu yake imeshashuka, na mtoto tumboni naye anadai madini ya chuma. Kumwambia huyu anywe juisi ya rozela huku minyoo imeachwa ni kutia maji kwenye pakacha.

Dawa yenyewe ni kidonge kimoja, mebendazoli ya miligramu 500 au albendazoli ya 400, miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwenye maeneo yenye safura nyingi na upungufu mwingi wa damu. Kwenye kadi ya wifi, nafasi ya dawa ya minyoo ilikuwa tupu. Watoto wetu wanagawiwa dawa hiyo shuleni, vizuri sana, lakini mama yao aliye shambani nani anamfuata?

Haya, malaria nayo inamaliza damu, na chai ya rangi pamoja na chakula inazuia madini ya chuma. Vidonge vya kuongeza damu avimeze kila siku, sibishani. Ila muulizeni kwanza, kabla ya kumuaibisha mbele za watu.

Kidonge tulinunua duka la dawa. Bila choo ataambukizwa tena, kwa hiyo kaka yangu nimeshamwambia: buti za mpira wiki hii, na shimo la choo lichimbwe kabla ya mvua.