Mtumishi wa nani?

Kwenye hafla za hapa Mwanza, iwe Nyamagana au Ilemela, mshereheshaji hutambulisha wageni hivi: "Mheshimiwa mbunge, mtumishi wa Mungu, watumishi wa halmashauri." Neno limetajwa mara mbili, lakini mtumishi wa kwanza yuko meza kuu, na hao wengine wako pembeni wakigawa maji.

Serikalini, mtumishi yuko chini. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 inawahusu karani na muuguzi. Mbunge na waziri wamo kwenye Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Kanisani, hasa kwa walokole, "Mtumishi" ndicho cheo chenyewe, na akiingia watu husimama.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Katika Marko 10, Yesu anasema anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi, na katika Warumi 13 Paulo anamwita hata mtawala mtumishi wa Mungu. Katika mkoa jirani wa Mara, Jimbo Katoliki la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenyeheri, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mkuu wa nchi hakupewa jina kubwa kuliko hilo. Tena wachungaji wengi wanalitendea haki. Wodini Bugando, usiku wa manane, mara nyingi ni wao wanaobaki na ndugu wa mgonjwa.

Wasiwasi wangu uko kwenye hiyo "wa". Muuguzi ni mtumishi wa umma, na akikosea tunajua pa kumshtakia. Lakini anayeitwa "Mtumishi" tu, hana wa kumuuliza. Muumini akitaka kujua michango ya ujenzi imeishia wapi, anasomewa Zaburi: "Msiwaguse masihi wangu." Jina la unyenyekevu linafanywa ngao, na wanaoumia ni akina mama wauza dagaa waliotoa akiba yao.

Wapo wanaosema basi neno hilo liachwe. Mimi siungi mkono. Libaki, na waheshimiwa nao walibebe: diwani ajitambulishe kuwa mtumishi wa watu wa Mirongo, ili mkazi anayesubiri mtaro uzibuliwe amwulize bila woga. Mchungaji naye awe mtumishi wa Mungu na wa waumini wake, na mapato na matumizi yasomwe kanisani kila baada ya miezi mitatu, kama yanavyotakiwa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji.