Nilivyoondoka na Treni Mkobani

Baba mdogo alistaafu reli ya kati, Tabora. Nilipompigia simu kumwambia nami sasa niko reli huku Uingereza, tena treni za makaa ya mawe, alifurahi mpaka akamwita mama mdogo aje asikilize. Kisha akauliza mshahara.

"Ni ya kujitolea, baba."

Kimya.

"Yaani umevuka bahari ukafute masizi ya Wazungu bure?"

Nikamweleza kwamba huku hiyo ndiyo starehe yao. Tangu 1951, wapenzi wa treni walipoiokoa reli ya Talyllyn kule Wales, watu wamekuwa wakifufua vijireli vya mashambani na kuviendesha wenyewe. Dereva wetu ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Baba mdogo akaguna tu.

Jumamosi ya tatu nikakabidhiwa kijiti. Njia yetu ni moja, kwenda na kurudi, na kipande kile kina kijiti kimoja: dereva asiyekuwa nacho haondoki, hata kama anaona njia nyeupe mpaka mwisho. Ndivyo treni mbili zisivyokutana uso kwa uso. Kijiti chenyewe ni pande la chuma, zito. Kazi yangu ilikuwa kukipokea kwa dereva na kukipeleka kibandani kwa mtu wa ishara. Hatua 40.

Hatua ya kumi, bibi mmoja akaniomba nimshushie kigari cha mjukuu. Nikatia kijiti mkobani. Nikashusha kigari, nikashukuriwa, nikanawa masizi, nikapanda basi zangu.

Basi lilipoingia shimo, mkoba ukagonga chuma cha kiti: ngo!

Nikaishiwa nguvu. Simu, niliyokuwa nimeizima sauti, ilikuwa na miito 14.

Basi la kurudi lilikuwa limebakiza saa mbili nzima kufika. Nikatimua mbio katikati ya mashamba, ovaroli nyeusi tii, kijiti mkononi, kondoo wakinitolea macho. Filbert Bayi angenionea huruma. Stesheni abiria wamejaa madirishani. Kuniona tu, wakaanza kushangilia, nadhani walidhani nimo kwenye tiketi.

Dereva akapokea kijiti, akatazama saa. "Dakika 47," akasema, akavuta filimbi.

Usiku nikamsimulia baba mdogo.

"Uliondoka na kijiti?" Sauti ya msibani kabisa. "Enzi zetu jua lisingezama ukiwa kazini. Wamekukata kiasi gani?"

"Baba, si sina mshahara?"

Akanyamaza kidogo.

"Ahaa. Kumbe ndiyo faida yake."