Kitabu kubaki rafuni hakutoshi

Kuna makala ambayo mwandishi wake anatuambia sisi tunaolalamikia filamu zilizotokana na riwaya za fantasia turidhike, kwa kuwa kitabu chenyewe bado kipo rafuni. Hapo simuungi mkono. Maneno yapo, ndiyo, lakini zile picha tulizojijengea vichwani hazibaki salama. The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, ilitoka 1954 na 1955, na kwa miaka mingi kila msomaji alikuwa na sura yake ya Frodo, shujaa anayebeba pete ya uovu inayomtia tamaa kila mtu. Tangu filamu za Peter Jackson za 2001 hadi 2003, hata anayefungua ukurasa wa kwanza leo anamwona Elijah Wood, mwigizaji aliyemcheza Frodo.

Tuseme sura si kitu, nimezoea. Kinachoniuma hadi leo ni Faramir, mwanajeshi anayemkamata Frodo njiani. Kitabuni anatamka wazi kwamba hata angeikuta pete ile njiani asingeiokota, na akishajua Frodo anayo, anamwacha aende zake. Kwenye filamu ya 2002 anawaburuza Frodo na mwenzake Sam hadi mji wa Osgiliath, akitaka pete ifike kwa baba yake! Naielewa hoja kwamba pete isiyomshawishi mtu ingepoa kwenye skrini. Lakini mtu yule ndiye aliyetuonyesha kwamba tamaa inaweza kukataliwa, tena na mwanajeshi ambaye nchi yake inashindwa vita.

Sizichukii filamu hizi. Ya tatu ilistahili Oscar zake 11, na zimewaleta wengi vitabuni. Ninachoomba, aliyemjua Faramir kwenye filamu tu asome sura zake katika The Two Towers, juzuu la pili la riwaya hiyo, kabla ya kutuita walalamishi.