Shangazi anataka yenye mita

Mie sina ugomvi na mtu yeyote anaeendesha teksi Unguja hii, wengine nimesoma nao chuoni na wawili watatu n'nawadai, lakini tangu Alhamisi nimekuwa mtu wa kukaa barazani nasema peke yangu na sababu ni shangazi yangu kaja kutoka Dubai.

Miaka 18 hajakanyaga hapa. Siku tatu kabla ya safari ananipigia simu, ati we mtoto usinitilie kwenye gari ya kupatana bei, mambo ya elfu thalathini, aa toa ishirini, haya tia mbili juu twende, hayo mie nimeyahama zamani, n'nataka teksi yenye mita. Nikamwambia shangazi, hapa mita tunazo za umeme na za maji, na hizo zenyewe hatusalimiani nazo.

Akanisomesha. Dubai ukipanda teksi eapoti mita inaanza na dirham 25 tairi halijazunguka bado, halafu inapanda yenyewe pole pole, hamna kelele. Nikamuuliza mkikwama foleni? Inahesabu. Gari imesimama kabisa? Inahesabu vilevile. Sasa jamani hebu ichukueni mita hiyo muifunge kwenye gari ya dereva wa hapa kwetu. Kutoka Kiembesamaki mpaka Michenzani lazma asimame amuulize mwenziwe mgonjwa kaamkaje, mbele anashusha kioo kutoa pole ya msiba, na pole ya kwetu si neno moja, ni alifariki saa ngapi, alikuwa akiumwa nini, wanazika wapi, mara trafiki huyo hapo kanyanyua mkono, na muda wote huo nambari zinapanda, yaani mie nilipie msiba wa watu nisiowajua.

Kijana wangu akasema baba usihangaike, siku hizi teksi ya uwanjani unaiagiza na unalipia kabisa kwenye simu, bei moja, mvua inyeshe ndege ichelewe haipandi. Shangazi nae akaridhika maana mwanawe yuko Marekani alishamwambia kuwa hata New York kwenye mita zao, teksi ikikutoa uwanja wa ndege wa JFK kwenda Manhattan, katikati ya mji, wanakutoza dola 70 bila ya kutazama mita, tozo za barabara na bakshishi mbali. Basi kama New York wanafanya hivyo na sie tufanye.

Shida ikaanza kwenye kuchagua unakokwenda. Mji Mkongwe ipo, Nungwi ipo, Paje, Jambiani, Kendwa, zote zimo. Kiembesamaki haimo. Walioitengeneza orodha ile hawajafikiria kuwa yupo mtu atateremka kwenye ndege akenda kulala kwao. Na sie tunakaa hapo hapo karibu na uwanja, ndege ikipita vikombe vinagongana kabatini. Kijana akasema basi ntatia hoteli ya Shangani, Mji Mkongwe, dola 20, tutamwambia dereva atushushe njiani. Nikasema sawa. Mjinga mie.

Siku ya siku ndege imechelewa saa moja na nusu, na hapa nisiseme uongo, dereva alingoja na bei haikupanda hata senti. Kasimama pale Tamino 3 na karatasi yake kubwa imeandikwa MS SHANGAZI DUBAI, maana kijana wangu, mwanaharamu yule, alinakili jina kama lilivyo kwenye simu yangu. Watu wazima wanapita wanacheka. Shangazi katoka na masanduku matatu na blanketi mbili zimo ndani ya mifuko yake ya zipu, akaisoma, akanitazama, hakusema kitu.

Tukaondoka. Hata hatujakaa vizuri nyumba ile pale, mke wangu kasimama mlangoni na chetezo cha udi moshi unapanda, watoto wanaruka ruka. Dereva, mstaarabu kweli, akapunguza mwendo akasema bi mkubwa, mkitaka shukeni hapa, lakini bei ileile.

Hilo neno bei ileile ndo lililotuponza.

"Hapa na Shangani bei moja?"

"Moja bi mkubwa."

"Basi twende Shangani."

Nikamwambia shangazi, nyumba hiyo, watoto hao wanakupungia. Kasema na wewe wapungie, mie n'shalipa dola 20 simwachii mtu kilomita zangu. Na gari ikapita. Mke wangu na chetezo chake anageuka nasi kama saa ya ukutani. Biriani ndani.

Kilomita kama 7 mpaka mjini. Hotelini kijana kamletea taulo la baridi na gilasi ya juisi akidhani mgeni wao, shangazi kaipiga yote, akaniambia unaona, hii imo ndani ya bei. Kisha tukabaki nje na masanduku. Papasi mmoja, hawa vijana wa kutembeza watalii, akamjia na jambo mama, spaisi tua? Alichojibiwa hakiandikiki, ila yule kijana sasa anajua kuwa huyu mama kazaliwa Ng'ambo, hapa hapa mjini.

Teksi za pale wakasema elfu thelathini. Shangazi anauliza mita iko wapi, wale wanatazamana. Hataki. Kaita hamali, hamali kasema elfu kumi kutufikisha kwenye daladala, na yeye alieyahama mambo ya kupatana bei kasimama juani robo saa nzima mpaka wakamalizana kwa elfu sita. Tukarudi na daladala ya 505, blanketi moja mapajani mwangu moja mapajani mwa utingo, tukafika magharibi inaadhiniwa, biriani baridi, udi umekwisha, mke wangu hanisemeshi.

Sasa Jumatatu anarudi, ndege ya usiku. Kwa gari hapa na uwanjani hazifiki dakika kumi, na asubuhi ya leo kaniambia tena, mwanangu, nitafutie yenye mita. Nimemwambia yangu ipo, baiskeli, ina mita ya spidi, mshale umekwama kwenye 40 tangu nilipoinunua.

Anauliza inapakia masanduku mangapi.