Nimepitwa na Marehemu

Sikatai kupitwa barabarani. Mwenye gari kuukuu la dizeli akianza kuhesabu waliompita, atakufa kwa presha. Nimepitwa na malori ya mchanga, nimepitwa na trekta, nimepitwa na kijana anayesukuma mkokoteni huku anaongea na simu. Nikanyamaza. Lakini juzi niko katikati ya mlima, gia namba mbili, nimekanyaga mafuta mpaka sakafuni, injini inalia kama inaomba radhi, nikaona kwenye kioo taa zinawaka nyuma yangu. Msafara wa mazishi. Ukanipita wote. Jeneza likapita, wafiwa wakapita, na yule wa gari la mwisho akanigeukia na kunitazama kwa huruma ambayo kwa haki ilikuwa ya mjane. Marehemu, mtu asiye na haraka tena na dunia hii, kafika juu kabla yangu.

Sasa ugonjwa wenyewe ndio huu, nisikilizeni. Asubuhi gari linawaka kwa kuguswa tu. Dakika ishirini, nusu saa ya kwanza, linakwenda vizuri, mpaka najisikia na mimi nimo. Halafu taratibu linaanza kurudi nyuma kimoyomoyo, kana kwamba kuna mtu kashika bampa na anasema "usiende". Tambarare unalivumilia. Ukifika mlimani, mwendo unashuka themanini, sitini, arobaini, unaanza kuona majani ya kando ya barabara moja moja. Nikisimama, nikafungua boneti, nikaitazama injini kwa uso wa mtu anayejua anachokitazama, baada ya nusu saa linaondoka kama halikuwa na neno. Na nikitia mafuta ndiyo kabisa, linarudi ujana palepale. Ila nikijaza tangi mpaka shingoni, ujana wenyewe haudumu. Nikaamua moyoni kwamba gari hili ni la kudekezwa: linataka kutiwa kidogo kidogo na kusifiwa.

Na msidhani silitunzi. Oili nabadilisha. Kioo cha nyuma kilichokuwa kinateremka chenyewe nimekibana na kabari ya mti. Kifuniko cha tangi kilipopotea (nilikiweka juu ya paa nikasahau, tusirudi huko) nilitafuta kingine, kikawa kinacheza, na harufu ya dizeli ikawa inamkera mama watoto. Nikaimaliza mwenyewe kwa mkasi na kipande cha tyubu ya baiskeli. Mwanamume mwenye mikono.

Basi, gari likiumwa, kila mtu ni daktari. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi mwenzangu, ambaye hana gari. Akasikiliza dakika moja, akakunja uso, akasema, "Plagi hizo. Badilisha plagi zote nne."

Nikamwambia gari ni la dizeli, halina plagi za kupiga cheche.

"Ndiyo maana haina nguvu."

Jamani. Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Inavuta hewa tupu, inaibana mpaka inabaki sehemu moja ya ishirini hivi ya nafasi yake, hewa inapata moto wa kupita nyuzi 500, ndipo mafuta yanarushiwa humo yanawaka yenyewe. Zile plagi chache ilizo nazo ni za kupasha moto wakati wa kuwasha tu. Gari likishanguruma kazi yao imekwisha, mlimani hazina msaada wowote. Mjerumani Rudolf Diesel alipata hataza ya wazo lake mwaka 1893, ikamchukua mpaka 1897 kupata injini inayofanya kazi sawasawa. Mwaka 1913 akapanda meli ya usiku kwenda Uingereza, asubuhi wakagonga mlango wa chumba chake, hayumo. Watu wanabishana mpaka leo kilichomkuta. Mimi nadhani kuna abiria alimfuata kwenye sitaha kumshauri abadilishe plagi.

Wa pili, jirani yangu. Huyu anavaa miwani ya jua hata magharibi, na hutoa hukumu akiwa ameegemea gari lako, si lake.

"Upepo," akasema. "Hiyo inakosa upepo. Turbo imekufa." Turbo ni ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada.

"Hili halina turbo, jirani."

Akafikiri kidogo. "Imekufa siku nyingi, basi."

Nikaenda kwa mafundi. Wa kwanza akabadilisha filta ya dizeli. Siku hiyo gari likaruka kama swala, nikamwita fundi bingwa, nikamwongezea kitu juu ya malipo. Kesho yake, mlima uleule, mwendo uleule wa kinyonga. Nikarudi. Akaitazama filta yake ya jana kama mtu anayetazama mtoto aliyemwaibisha ugenini, akasema ni feki. Akafunga nyingine. Likaruka tena. Kesho yake likalala tena. Kwa muda wa majuma mawili gari langu lilikula filta nne. Tulipofika ya nne mimi na fundi tulikuwa hatutazamani usoni.

Wa pili alikuwa kijana msafi mwenye kompyuta. Akaingia chini ya usukani na waya wake kutafuta tundu la kuchomeka. Akapapasa kushoto. Akapapasa kulia. Akang'oa plastiki moja ambayo mpaka leo haijarudi mahali pake. Nikimwona miguu tu inaning'inia nje. Akatoka ana vumbi kichwani, akaniuliza kwa upole, "Mzee, gari hili ni la mwaka gani?" Nikamtajia. Akaikunja kompyuta yake taratibu, kama daktari anayevua vipimo mbele ya ndugu wa mgonjwa. Marekani walilazimisha tundu hilo kwenye magari kuanzia yale ya mwaka 1996, kwingine wakafuata baadaye. Langu lilizaliwa kabla ya hayo mambo. Halina kompyuta. Likiumwa linanung'unika tu, kama mimi.

Wa tatu alizitoa nozo, vile vipua vya kurushia mafuta ndani ya injini, akazipeleka kupimwa. Zikarudi, zinapuliza ukungu safi. Nikalipa kwa kuambiwa kwamba nilikuwa mzima.

Wa nne ndiye aliyeninyima usingizi. Fundi mkubwa, tumbo mbele, vijana watatu nyuma wanambebea spana. Hakuinama hata. Akaweka mkono juu ya injini kama kasisi, akasema, "Hii imechoka. Kompresheni imekwisha. Tufungue."

Wenye magari wenzangu mnalijua neno hilo. "Tufungue." Halina bei. Injini ikishafunguliwa, ringi zinataka, beringi zinataka, gasketi inataka, kichwa kinataka kusawazishwa, na mwisho wake bolti tatu zinabaki kwenye karai, fundi anasema hazikuwa na kazi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamuuliza: kama kompresheni imekwisha, mbona asubuhi ya baridi linawaka kwa mguso mmoja? Si hilo joto la kubana hewa ndilo linalowasha? Wale vijana watatu wakatazama chini. Yeye akasema, "Hiyo ni dalili ya mwisho mwisho." Nikaondoka. Kwa arobaini kwa saa, lakini kwa heshima.

Mama watoto ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja aliyestaafu, anakaa nyumbani kwake, ana kisanduku cha spana na kigoda. Nikamkuta amekaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Linasumbua nini?"

Nikaanza kumtajia filta, nozo, kompyuta. Akaninyamazisha kwa kiganja. "Sikukuuliza walichofanya. Nimekuuliza linasumbua nini."

Nikamweleza. Akauliza, "Likishindwa mlimani, linatoa moshi wa rangi gani?"

Ndugu zangu, miezi miwili hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nikafikiri. "Halitoi moshi, mzee."

"Hata mweusi?"

"Hata."

Akatabasamu kidogo tu, upande mmoja. Akasema moshi mweusi ungekuwa na maana mafuta yanafika na hewa ndiyo haitoshi: filta ya hewa imeziba, au mpira umesinyaa. Wa buluu, linakula oili. Mweupe unaoendelea, mafuta hayaungui vizuri au maji yanaingia pasipo pao. "Lakini halina nguvu na halina moshi? Hilo lina njaa. Chakula hakifiki."

Hata hivyo hakukimbilia kufungua kitu. Alinikalisha ndani, akaniambia nikanyage mpaka mwisho, yeye akichungulia mkono wa pampu unafika mwisho au unaishia njiani. Unafika. Tukazunguka kidogo, tukarudi, akagusa rimu zote nne kwa nyuma ya kiganja, kutafuta breki inayoshika. Zote baridi. Akauliza kama injini huwa inapiga kelele nyingi huku mwendo hauongezeki, maana hiyo ingekuwa klachi. Sivyo. Halafu akatoa kipande cha mpira mwangavu, akakifunga kati ya filta na pampu, akawasha, akainama. Nami nikainama. Tukaitazama dizeli inapita mle kama asali nyepesi. Anatafuta mapovu, kama kuna mahali linavuta hewa. Hakuna povu hata moja. Mzee akakuna kidevu.

Akaleta dumu la lita tano. Akatia dizeli safi, akalifunga kwa kamba kando ya injini, akatumbukiza humo mpira wa kuvuta na mpira wa kurudisha, tangi lenyewe akalifungia nje ya mambo yote. "Nenda mlimani kwako. Kimbia mpaka uchoke wewe."

Nikaenda. Nikauzunguka mji mzima kwanza, nusu saa, dakika arobaini, ndipo nikaupanda. Gia namba tatu! Nimempita mtu! Sikumbuki alikuwa anaendesha nini, na kwa heshima yangu naomba msiniulize. Nilipiga honi bila sababu.

Nikarudi nacheka. Mzee akaniambia pampu nzima, nozo nzima, injini nzima, ugonjwa uko kati ya tangi na hapa. Akarudisha mipira mahali pake, akanituma tena. Baada ya nusu saa nikarudi kwa mwendo wa konokono, bega limeshuka. Nikamwona ameshasimama barabarani ananisubiri. Hakuenda kwenye boneti. Alienda nyuma, akakishika kifuniko cha tangi, akakizungusha taratibu.

Fyuuuuuuu.

Jamani, lilivuta pumzi. Refu, kama mpiga mbizi aliyetokea juu ya maji. Na chini, bati la tangi likajibu: pwaa!

Mzee akakigeuza kifuniko. Ndani mmekaa duara zuri la tyubu ya baiskeli, limekatwa kwa ustadi, limelewa dizeli mpaka limevimba, limeziba kabisa kitundu cha kupumulia. Akalibandua kwa ncha ya kisu. Akaliinua kwenye mwanga.

"Nani kakata hii?"

Nikatazama mawingu. "Kuna fundi mmoja hivi."

"Fundi gani?"

"Alihama."

Akanieleza polepole, kama anaongea na mtoto wa mtu. Kila tone linalotoka tangini lazima hewa iingie mahali pake. Ukiziba, ni kama mtoto anayenyonya chupa ya plastiki mpaka inabonyea: mwisho pampu inavuta, mafuta yanavuta kurudi. Usiku hewa inajipenyeza kidogo kidogo, asubuhi gari limepona. Ukifungua kifuniko kutia mafuta, linapona. Ukilegeza mipira kubadilisha filta, hewa inarudi kwa huko, linapona, na filta inapata sifa za bure. Na ukijaza mpaka shingoni, juu ya mafuta inabaki nafasi ndogo ya hewa, kwa hiyo ukitumia lita mbili tatu tu tayari linabanwa. Nilikuwa najibana mwenyewe kwa hela yangu.

Akakata katikati ya lile duara likawa pete, akapuliza kitundu kwa mdomo, akakifunga. Kazi ya dakika mbili. Nikamuuliza anadai nini, akataja kiasi kidogo mpaka nikaona haya.

Nyumbani nikatangaza kwamba mzee kagundua hitilafu kwenye mfumo wa mafuta, kitu cha kitaalamu sana. Mama watoto akaendelea kushona. "Si lile tyubu ulilolikata kwa mkasi wangu wa nguo? Mpaka leo haukati."

Nikatoka nje kupunga hewa. Jirani alikuwa ameshaegemea gari langu, miwani usoni, jua limezama. Nikamweleza, sijui kwa nini, kwamba gari limepona. Kumbe tangi lilikuwa halipati hewa.

Akavua miwani kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Si nilikwambia ni upepo?"

Nimesimama pale najitafutia la kumjibu, mpaka akaenda zake.